Kutembea bichi ya Diani na watoto: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila Disemba nyumba yangu hapa Ukunda inajaa mashemeji na watoto wao kutoka Nairobi, wanashuka na treni mpaka Mombasa, wanavuka feri Likoni, matatu, wakifika hata mabegi hayajaingia ndani swali ni moja tu, kesho twaenda bichi saa ngapi. Nawaambia ngoja niangalie mwezi uko tarehe ngapi. Wanacheka, wanafikiri ni utani wa watu wa pwani.

Si utani. Karibu kila kitu ambacho watu wanakosea kuhusu kutembea ufukweni na watoto kinarudi hapo hapo kwenye maji kupwa na kujaa, kwa hivyo naanza na hiyo kwanza.

"Bahari si iko tu, unaenda saa yoyote."

Iko, lakini bichi ndiyo haiko saa yoyote. Siku za bamvua, yaani zile maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakijaa hapa Diani kuna sehemu yanapiga mpaka kwenye kuta za nyumba na hoteli, huna pa kupita, na mtoto wa miaka 4 umemshika mkono mawimbi yanamtandika kifuani. Saa 6 baadaye pale pale pamekuwa uwanja, mchanga mgumu wa kukimbilia, na watu wako mbali kule wanatafuta pweza. Tofauti ya kina inaweza kupita mita 3, yaani urefu wa chumba.

Sasa hesabu yenyewe ni rahisi na bibi yangu hakuwa na simu wala nini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tuseme kuanzia tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu na siku 2 au 3 zinazofuata, hiyo ni bamvua, na hapa kwetu maji yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, halafu yanajaa saa 10 au 11 jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 9, au 22 au 23, ni maji mafu na saa zimegeuka, asubuhi saa 4 ndo yamejaa na jioni ndo yanapwa, ila hayapwi sana wala hayajai sana. Kama hutaki kuhesabu, Mamlaka ya Bandari huwa inatoa jedwali la maji ya Mombasa kila mwaka na kwenye simu pia utapata, Diani na Mombasa saa zao karibu ni moja.

Na watoto mimi natoka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakishapwa kabisa naanza kurudi. Sio "tukae kidogo". Kurudi.

"Maji yakianza kujaa utayaona, utatoka."

Hii iliniponza mwenyewe. Upande wa kaskazini mwa Diani kuna Msikiti wa Kongo, msikiti wa mawe wa zamani sana na mpaka leo watu wanaswali, umezungukwa na mibuyu, na chini yake mto Mwachema unaingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Tiwi. Maji yakipwa unavuka kwa miguu, na ndo matembezi mazuri kuliko yote kwa watoto kwa sababu kuna mto, kuna bahari, kuna msikiti, kuna kivuli, na si mbali. Basi tukavuka watu wazima 2 na watoto 3, maji kwenye vifundo vya miguu, champali tukaziacha juu ya mchanga upande wa huku manake si tunarudi sasa hivi. Kule watoto wakapata shimo la maji lenye samaki wadogo, wakakataa kutoka. Saa moja ya kwanza maji yalikuwa kama hayaendi popote, nikajua muda upo. Tuliporudi mtoni yalinifika mapajani na yanasukuma kuelekea ndani, nikambeba mmoja mgongoni, nikavusha, nikarudi kumchukua mwingine, na champali hatujaziona mpaka leo.

Kumbe maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanaingia kidogo sana, karibu sehemu 1 kwa 12 ya yote, ya pili yanaongeza, halafu saa ya tatu na ya nne peke yake yanaingiza nusu nzima. Kwa hiyo yanakudanganya mwanzoni halafu yanakukuta. Tiwi ni hatari zaidi kwa hilo kwa sababu bichi zake zimekatwakatwa na majabali yaliyochomoza, maji yakijaa unabaki kwenye kipande huna njia ya mbele wala ya nyuma.

"Bichi ni ya hoteli, utafukuzwa."

Hapana. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Unapita mbele ya hoteli yoyote na watoto wako na mpira wenu na hakuna askari wa kukuambia rudi. Ila usipitilize, vitanda vyao, bustani na bwawa viko juu ya hiyo alama na hivyo ni vyao, na mtoto akienda kulala kwenye kitanda cha mgeni hapo askari ana haki ya kuja. Shida ya kweli ni kufika, kwa sababu plot zimepangana ukuta kwa ukuta na njia za kwenda baharini ni chache na hazina vibao, kwa hiyo ulizia mtu wa boda mahali njia ilipo kabla hujashuka, vinginevyo utatembea na watoto juani kando ya lami unatafuta upenyo.

"Kuna mwamba kule nje, ndani hakuna hatari."

Nusu kweli. Mwamba unavunja mawimbi makubwa ndo maana ndani kumetulia, na papa wala sio kitu cha kukunyima usingizi. Lakini mwamba una milango, na maji yanapotoka yote yanataka kupitia hapo, mkondo unakuwa na nguvu na mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kuvutwa. Watoto waoge karibu na mchanga, maji yakiwa yanaingia au yametulia, na uwe na wewe ndani, sio umekaa na simu.

"Maji yakipwa hakuna cha kuona, ni matope tu."

Shemeji mmoja alisema hivyo, tukaenda, baada ya dakika 10 yeye ndo anapiga kelele kuliko watoto. Kwenye vidimbwi kuna viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, wekundu na wa buluu, majongoo bahari yamelala kama soseji, kaa wanaotembea na nyumba zao, samaki wa milia wadogo kuliko kidole. Mtoto ukimpa kidimbwi kimoja tu anakaa nusu saa. Mfundishe achuchumae aangalie, asisogee mbele mpaka ameona pa kukanyaga.

Na hapa kuna dhana nyingine ndani yake, kwamba kiti cha pweza unaweza kukitoa nje kidogo upige picha urudishe. Kinapumua kwa maji, juani kinaumia, picha ipigwe kikiwa ndani ya maji. Makombe nayo ni hivyo hivyo, lile lenye mnyama ndani liache, hasa yale ya umbo la pia ya kuchezea yenye madoa mazuri, kuna jamii yake ina mwiba wa sumu unaoweza hata kuua mtu, na mtoto ataliokota hilo hilo kwa sababu ndo zuri.

"Akichomwa na mwiba mkojolee."

Tafadhali jamani. Mkojo haufanyi chochote zaidi ya kumtia mtoto aibu. Akikanyaga kile kinyama cha duara chenye miba ndefu nyeusi, au akichomwa na samaki aina ya taa au yule anayefanana na jiwe, kinachotuliza maumivu ni maji ya moto, ya kuvumilika yasiyozidi nyuzi 45 hivi, anatumbukiza mguu nusu saa mpaka saa moja na nusu, na mtu mzima aweke mkono kwanza ili usimuunguze kwa sababu mwenye maumivu hasikii vizuri. Wavuvi wetu wanapaka utomvu wa papai kwenye miba, ni dawa ya zamani na wengi wataapa inasaidia, ila mwiba ulioingia karibu na kiungo, au mguu ukizidi kuvimba, au mtoto akishindwa kupumua vizuri, hiyo ni hospitali moja kwa moja. Kinga ya yote haya ni viatu vya kufunga vya kuingilia majini, hata raba kuukuu. Champali zinavuka maji kabla yako, niulize mimi.

"Sisi weusi jua halituunguzi, na leo kuna mawingu."

Linaunguza, polepole tu, na miale inapita mawinguni. Kofia, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na saa 6 mpaka saa 9 watoto wawe kivulini. Mchanga mkavu saa hizo unachoma nyayo kweli kweli.

"Yale majani yaliyojaa ufukweni ni uchafu."

Ni majani ya baharini, yanaota chini ya maji kama shamba, samaki wachanga wanajificha humo na kasa anayala. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, yanaletwa kwa wingi, yananuka kidogo, yakitulia yanasaidia kushika mchanga usiondoke. Chupa za plastiki zilizochanganyika humo, hizo ndo uchafu.

"Tumbili wana njaa, mpe ndizi."

Hawana njaa, wana tabia mbaya tuliyowafundisha sisi. Aliyelishwa jana leo anampokonya mtoto mkate mkononi na anaweza kumuuma. Wale weusi wenye mabega meupe na mikia mirefu ni mbega, wao ni walaji wa majani, tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe na vyakula vyetu vya sukari vinaweza kuwaua. Waonyeshe watoto zile ngazi za kamba zilizovushwa juu ya barabara kuu ya Diani, zimewekwa ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Watoto wangu wanahesabu ngazi ngapi tumepita, na safari inaisha bila mtu kuuliza tumefika.

"Kaya ni mahali pa mizimu, watoto hawaruhusiwi."

Hii inatoka kwa mashemeji wa kanisani na nimeshaizoea. Kaya Kinondo, kusini kidogo ukipita Galu, ni msitu mtakatifu wa Wadigo karibu kabisa na bahari, na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda tangu 2008. Wageni wanaingia, watoto pia, ila mnaenda na kiongozi wa kijijini, mnalipa kiingilio, mnajifunga kaniki nyeusi, na hamtoki na kitu, hata jani. Wazee bado wanapatumia kwa dua zao kwa hiyo kelele hapana. Ndani ni baridi, kiongozi anawaambia mti gani ni dawa ya nini, na mimi napendelea niwapeleke saa zile za jua kali ambapo bichi haifai.

"Mtoto mchanga si lazima umletee kigari?"

Magurudumu madogo na mchanga mkavu havipatani. Leso 2, unambeba mgongoni, moja ya kumfunga na nyingine ya kumfunika jua, mikono yako iko huru ya kushika wakubwa wake. Mwaka jana shemeji alikuja na kigari kipya cha bei mbaya, tukakisukuma hatua kama 20, kikazama, wajomba 2 wakakibeba juu juu kama jeneza mpaka barabarani na watoto wote nyuma wanacheka. Kiko stoo kwangu, mwenyewe hajakifuata.