RAID ya ubao mama si ya maunzi kama inavyodaiwa
Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya mazungumzo unadai kwamba RAID (mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) inayowashwa kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) ni ya maunzi, yaani huendeshwa na chipu yake yenyewe, hivyo ni salama kuliko ya programu. Sivyo. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, BIOS husaidia mashine kuwaka tu, ilhali kunakili data hufanywa na draiva (programu ndani ya mfumo endeshi) kwa kutumia prosesa kuu ya kompyuta. Watu huchanganywa, si ajabu, na menyu ya RAID inayotokea kabla ya mfumo endeshi kuwaka. Ukitaka kuhakiki, washa Linux kutoka kwenye flashi, uandike lsblk, amri ya kuorodhesha diski: kwa kawaida utaziona diski moja moja, wakati kadi halisi ya RAID huonyesha diski moja ya pamoja. Ubao ukiungua, RAID ya mdadm (zana ya Linux ya RAID ya programu) husomeka kwenye kompyuta nyingine yenye Linux. RAID ya ubao mama huenda ikahitaji ubao wa jamii ileile. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.