Je, wajua kwa nini mwamba wa chini huamua kaboni itakayobaki udongoni?

Panda matatu kisiwani Mombasa, ushike barabara ya Nairobi hadi Mazeras. Safari yenyewe ni ya kilomita 20 hivi, lakini utakuwa umepita juu ya miamba ya aina tatu. Kisiwani ni matumbawe, yale yale yaliyochongwa kuwa handaki la Fort Jesus. Changamwe hadi Miritini ni matope ya bahari ya kale, yaliyoshindiliwa mpaka yakawa jiwe la matabaka. Mazeras ni jiwe la mchanga, lile tunalolibandika kutani na kulitandaza uani.

Sasa fikiria mwembe katika kila mojawapo ya sehemu hizo. Jani likianguka lina kaboni ambayo mti uliivuta hewani. Vijidudu vya udongoni hulila, na sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani, tena upesi kwa joto letu la Pwani. Inayobaki miaka mingi ni ile iliyopata wa kuishika, na mshikaji huyo ametoka kwenye mwamba.

Jiwe la mchanga likilika huacha punje kubwa, nyororo, zisizonasa kitu. Hewa hupenya kwa urahisi, vijidudu hula wanavyotaka, na mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza yenye kaboni hiyo, haidumu. Mwamba wa matope huacha udongo wa mfinyanzi, na hapo mambo ni mengine kabisa. Chembe zake ni ndogo mno: kuna mfinyanzi ambao gramu moja tu, ukizikunjua nyuso zake zote, hufunika mamia ya mita za mraba. Mboji hujinata juu ya nyuso hizo, na nyingine hufungiwa ndani ya mabonge ambamo vijidudu haviifikii.

Matumbawe yana njia yake. Mfinyanzi na mboji vyote viwili vina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Chokaa ya matumbawe hutoa kalsiamu yenye chaji chanya mbili, nayo husimama katikati kama mshenga, ikishika huku na huku. Ndiyo maana udongo unaoukuta kwenye vishimo vya mwamba wa pwani huweza kuwa mweusi, umejaa mboji. Tatizo ni kina. Aliyewahi kuchimba shimo la mnazi juu ya matumbawe anajua jinsi jembe linavyogonga jiwe mapema. Kwa hiyo konzi moja ya udongo huo inaweza kuwa na kaboni nyingi, lakini ekari nzima ikawa na kidogo, na anayepima kiasi cha kaboni katika konzi peke yake bila kina atakosea.

Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, tumeliona jambo hili likianza tangu mwanzo. Machimbo ya saruji yaliacha matumbawe matupu, na kuanzia 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, akapanda mivinje humo. Majani yake magumu hayakuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo pana msitu. Mimi huona huo ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote ya darasani.

Kuna kaboni nyingine isiyopaswa kuchanganywa na hii. Katika kila kilo 100 za chokaa safi ya mwamba, kilo 12 ni kaboni, iliyofungwa na viumbe wa baharini zamani sana. Hiyo hutoka jiwe likichomwa tanuruni au likiyeyushwa na asidi. Anayepima udongo wa Pwani lazima aitenge, la sivyo ataihesabia mboji mali ya jiwe.

Kwa mkulima, tofauti hizi huonekana kwenye samadi. Wa Mazeras huirudia kila msimu, maana mchanga hauiweki. Wa Miritini ana mfinyanzi unaoitunza, mradi asiulime kupita kiasi: kila bonge linalovunjwa hufungulia vijidudu kaboni iliyokuwa imefichwa ndani yake.