Mchezaji wa kuhamahama: maneno ya vijiweni Tanga na mambo yalivyo

Haya wagosi, tuongee. Dirisha la usajili likishafunguliwa tu, vijiwe vya kahawa Ngamiani hakukaliki kwa ubishi, mtu akisikia straika fulani kahama tena, klabu ya saba nchi ya tano, utasikia "yule kaisha", halafu kikombe hakijapoa yule yule aliyesema kaisha anasema jamaa ana hela chafu ila roho mbaya, kwao hajajenga hata msikiti. Sasa kaisha au katajirika, chagueni moja bwana. Mie naona mara nyingi siyo hili wala lile, yule ni mfanyakazi wa mkataba kama fundi ujenzi, saiti ikiisha anatafuta nyingine, tofauti saiti yake iko Iraki au Albania.

Hilo la "kuhamahama ni dalili ya kushuka kiwango" ndo linaloniudhi kuliko yote. Mnamkumbuka Sebastián Abreu wa Uruguay? Tarehe 2 Julai 2010 Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Suárez mwenzake kaudaka mpira mstarini, Gyan wa Ghana kapiga penalti kagonga mwamba, ikaja matuta na la mwisho akapiga huyu Abreu, kaudokoa taratiiibu katikati ya goli, Waghana wakalia na sisi tukalia nao. Wakati huo alishapita Argentina, Mexico, Hispania, Brazil, Israel na Ugiriki, huyo ndo mzururaji mwenyewe, na mwaka uliofuata akabeba Copa América na timu yake ya taifa. Mwaka 2017 alipotua Audax Italiano ya Chile ikawa klabu yake ya 26, Guinness wakamwandika kwenye rekodi ya kuchezea klabu nyingi, na bado hakutundika daluga mpaka 2021 akiwa na miaka 44. Kaisha wapi.

Huku kwetu mchukueni Samatta. African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, kisha mkopo Antwerp, mkopo tena Genk, watu hapa wakaanza kumzika, mara akatokea PAOK ya Ugiriki na 2024 akawa bingwa wa ligi ya huko. Na mkopo nao mnausema vibaya, eti katupwa. Mkopo maana yake klabu iliyokununua bado ina mkataba na wewe na inaona bora ucheze kwingine kuliko kusugua benchi, mshahara mara nyingi wanagawana, we shida yako nini?

Tena tusiende mbali, msimu wa 2023/24 golini mwa Coastal Union alisimama nani? Ley Matampi, Mkongo aliyepita TP Mazembe na aliyekuwa na timu ya DR Congo ilipobeba CHAN 2016 kule Rwanda, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Kwa hesabu za vijiweni mtu akitoka Mazembe akaja Tanga basi huyo kamaliza. Haya, kamaliza msimu akiwa kipa bora wa ligi na Wagosi wa Kaya, yaani Coastal wenyewe, wakashika nafasi ya nne wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Walewale waliokuwa wanaguna Mkwakwani ndo walikuwa wa kwanza kuimba jina lake.

Sababu ya kuhama ukiitafuta utaikuta kwenye karatasi. FIFA inaruhusu mkataba mpaka miaka mitano, ila klabu nyingi za kawaida zinatoa mwaka, mwaka na nusu, miwili. FIFPRO, ule muungano wa vyama vya wachezaji, walifanya utafiti mkubwa 2016, wachezaji karibu 14,000 nchi 54, wakakuta mkataba kwa wastani ni miezi 22. Miezi 22! Piga hesabu mtu acheze miaka kumi, asipopata wa kumuongezea atapita klabu tano bila kugombana na yeyote wala kulewa wala kurogwa na mtu. Kocha anabadilika, klabu inashuka daraja, tajiri anachoka kutoa hela, ndo hivyo anafunga begi.

Sasa la utajiri. Utafiti huohuo ulikuta zaidi ya asilimia 45 ya wachezaji wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na asilimia 41 walishacheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili. Hao ni wachezaji wa kulipwa kabisa. Kwa hiyo ukimuona mtoto wa Chumbageni kaposti picha ana koti na barafu nyuma yake usikimbilie kumtumia kadi ya mchango wa harusi, pengine na yeye anasubiri mshahara wa miezi miwili nyuma na chumba anachoishi wako watatu. Kazi yenyewe si raha kama picha. Kuna kipa wa Kijerumani, Lutz Pfannenstiel, huyu kacheza kwenye mashirikisho yote sita ya FIFA, mpaka Namibia kafika, ila mwaka 2002 akiwa Bradford Park Avenue, timu ya daraja la chini Uingereza, aligongana na mchezaji akaacha kupumua mara tatu palepale uwanjani. Na uzeeni je? Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, sasa wewe umecheza miwili hapa miwili Misri mmoja Oman, hiyo 15 unaitoa wapi?

Halafu dau la uhamisho. Gazeti likiandika fulani kauzwa euro milioni 10, mtaani inasomwa kwamba kachukua milioni 10, ndugu wanaanza kuhesabu vyumba. Hapana jamani, ile inatoka klabu kwenda klabu. Mchezaji ana pesa yake ya kusaini na mshahara wake, mambo mengine kabisa. Ila kuna kipande ambacho sisi Tanga ndo tungepaswa kukipigia kelele na hatukipigii: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya dau inakatwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka aliokaa kwako kati ya 16 na 23 ni nusu asilimia, ile ya 12 mpaka 15 ni robo asilimia. Kwenye milioni 10 nusu asilimia ni euro 50,000 kwa mwaka mmoja tu wa kumlea. Kwa timu ya mtaa wa Makorora inayonunua mipira kwa kuchangishana hizo ni hela za kuota. Lakini hawakupi kwa kusema "huyu tulimlea sisi, muulizeni mzee fulani", wanataka usajili unaoonekana, mwaka gani alisajiliwa wapi, na timu zetu ngapi za vijana zinamsajili mtoto kihalali TFF? Wengi kumbukumbu zao ni daftari na picha ya ndondo.

Mawakala nao. Hapa naomba mnisikilize, maana kuna kijana alinionyesha barua kwenye simu, anaitwa majaribio Ulaya. Nembo ya klabu imevutwa mpaka imepinda, anwani ya barua pepe mwishoni ni ya Gmail, tarehe ya majaribio imeangukia katikati ya ligi wakati timu ina mechi ugenini, na chini kabisa pesa ya "kushughulikia viza" itumwe kwa njia ya simu kwenye namba ya mtu wa hapahapa Bongo. Mama yake alishaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Watu wanadhani kumlipa wakala kwanza ndo utaratibu, ndo "kuwekeza kwa mtoto". Utaratibu ni kinyume chake, wakala anakula kamisheni mchezaji akishasaini na mshahara ukiingia. Tangu Oktoba 2023 wakala anayeshughulikia uhamisho wa nchi za nje anatakiwa awe na leseni ya FIFA, anafanya mtihani kabisa, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA, unatafuta unamuona. Mkataba wako na yeye hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, akikuletea wa miaka kumi huyo anakumiliki.

Na kama mtoto hajafika miaka 18, klabu ya nje haiwezi kumsajili, mwisho. Vipo vijitundu vichache, mfano wazazi wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira, na kimoja kinawahusu watu wa mpakani huku: nyumbani kwao pasizidi kilomita 50 toka mpakani, klabu nayo isizidi 50 upande wa pili, na mtoto aendelee kulala kwao. Kwa hiyo dogo wa Horohoro kuchezea timu ya Lunga Lunga, Kenya, inawezekana kisheria, dogo wa Tanga kwenda Ureno na miaka 16 haiwezekani, hata wakala awe na suti nzuri kiasi gani.

"Yule mchezaji huru, anaenda anakotaka muda wowote." Nusu kweli. Hakuna dau la kumnunua, sawa, ila mara nyingi bado kuna madirisha, bado kuna ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, inayotoka shirikisho moja kwenda lingine, na kwa msimu mmoja unaweza kusajiliwa klabu tatu lakini kawaida mechi rasmi unacheza za klabu mbili tu. Ndo maana unaweza kumuona mtu mzima na uwezo wake anafanya mazoezi peke yake ufukweni Raskazone miezi minne, siyo kwamba kakosa timu, pengine karatasi zimegoma.

La mwisho ni hili la kuvumilia. Wazee wanawaambia vijana usiwadai mshahara utaharibu jina, na vijana wengine wanafanya kinyume, wakikosa hela wanapanda ndege usiku wanarudi. Vyote viwili vinakuumiza. Ukiwadai mshahara wa miezi miwili unaandika barua, unawapa siku 15 walipe, wasipolipa unavunja mkataba kwa haki na fidia unadai. Ukikimbia bila barua wewe ndo mtoro, klabu inakushtaki wewe. Kesi inaenda FIFA, mchezaji halipii kufungua, na msidhani ni maneno tu, hata hapa kwenye ligi yetu klabu zimeshafungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji wa kigeni. Tunza mkataba, tunza meseji, tunza karatasi za benki, na usikae nayo moyoni muda mrefu, maana ikipita miaka miwili tangu wakukosee FIFA hawaisikilizi tena.