Mshipa wa nini? Kuhusu ganzi ya waendesha baiskeli

Jumapili moja mwezi uliopita tulifika Bagamoyo, tukaegesha baiskeli chini ya mwembe, na kabla chai haijamiminwa jamaa yetu mmoja, tunamwita Mwalimu, akaanza kukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Kidole cha mwisho hakisikii kitu. Anakibonyeza kwa ukucha, hamna. Maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Mshipa umeziba," akasema.

Hakuna aliyepinga. Mmoja akamwambia atafune kitunguu saumu kila asubuhi, kinasafisha mishipa. Mwingine akamshauri akapime presha. Wa tatu, aliyekuwa akimenya yai, hata hakuinua macho: "Kaka, angalia isije ikawa kiharusi." Mwalimu akaacha kula.

Hili la mshipa kuziba nimelisikia kwa waendesha baiskeli mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandikia. Ganzi ni kupotea au kufifia kwa hisia katika sehemu ya mwili. Inakuja pale neva, ile nyuzi inayobeba habari kati ya kiungo na ubongo, inapobanwa au kuumia. Anayeendesha baiskeli ya resi huinama na kuegemeza kifua na mabega juu ya viganja viwili kwa saa mbili tatu, na neva zinazopita kwenye kifundo cha mkono zinabanwa kati ya mfupa na usukani. Maana yake ndiyo hiyo. Ugomvi wangu ni na neno mshipa.

Kiswahili kimelibebesha mshipa mizigo mingi mno. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu, ambao ndio neva. Mtu akiumia mguu kwa kujinyoosha vibaya tunasema mshipa umevutika, na hapo tunazungumzia kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Wazee wakinong'ona kwamba fulani "ana mshipa" wanamaanisha ngiri au busha. Na yule anayekopa harudishi, kisha anakuja kwenye sherehe yako na kukaa meza ya mbele, hana mshipa wa aibu, mshipa ambao hakuna daktari aliyewahi kuupasua auone.

Si kosa letu peke yetu. Neno lenyewe ni la kale katika lugha za Kibantu, na maana yake haikuwahi kuwa ya damu tu: kwa Wazulu umsipha ni kano au msuli. Pengine aliyeanza kulitumia alikuwa anachuna mnyama, akaona vitu virefu vyembamba vinavyopita ndani ya nyama, akavipa jina moja. Wagiriki walifanya vilevile. Neuron kwao ilikuwa kano, hata uzi wa upinde uliitwa hivyo. Nervus ya Kilatini nayo ilianza na maana hiyohiyo ya kano kabla ya kufika kwa Waingereza, na sisi tukaichukua kwao ikawa neva. Waarabu nao wana asabu, neva, kutoka kwenye mzizi wa kufunga na kukaza. Huko kote mwili ulionekana kama mzigo uliofungwa kwa kamba, na hakuna aliyejali kamba ipi inabeba nini.

Mpaka karne ya 3 kabla ya Kristo, kule Aleksandria, ndipo tabibu mmoja Mgiriki, Herophilus, alipopasua maiti na kuzitenga neva na kano na mishipa ya damu. Alifika mbali zaidi: akaona kwamba neva zinahusika na hisia na mwendo. Ni miaka zaidi ya 2,200 sasa, na sisi chini ya mwembe bado tunavichanganya.

Ushahidi kwamba ganzi si damu kuziba sote tumekaa nao mdomoni. Umekwenda kung'oa jino, umechomwa sindano ya ganzi. Shavu limekuwa kama la mtu mwingine, ukiligusa ni kama unagusa mpira. Daktari anavuta, jino linatoka, na unatema damu nyekundu tele kwenye beseni. Damu ipo, tena inatiririka! Kilichonyamazishwa ni neva. Hata mtoto aliyekula maembe mabichi kwa chumvi akasema meno yamekufa ganzi analitumia neno mahali pake, kwa sababu analalamikia hisia za meno. Hajasema damu haifiki. Biblia ya Kiswahili nayo, katika Yeremia 31:29, ina baba waliokula zabibu kali na watoto waliotiwa ganzi meno.

Labda linalotutisha ni hilo "kufa". Kufa ganzi kunasikika kama nusu ya msiba. Lakini mguu uliokaliwa vibaya msikitini au kwenye mkeka wa harusini nao hufa ganzi, kisha ukafufuka kwa sisimizi wengi wanaotembea ndani ya nyama, na hakuna anayeuita kiharusi.

Turudi kwa Mwalimu. Nilimwuliza swali moja: kidole kipi? Akanionyesha cha mwisho, na ule upande wa kidole cha pete unaokitazama. Basi jibu ameshalitoa mwenyewe. Neva ya ulna hushuka kutoka shingoni, ikapita nyuma ya kiwiko, palepale ambapo ukigonga ukingo wa meza unapigwa shoti mpaka vidoleni. Kisha inaingia kiganjani kwa upande wa kidole cha mwisho kupitia kinjia chembamba kiitwacho mfereji wa Guyon. Guyon huyo alikuwa mpasuaji wa Kifaransa aliyekieleza kinjia hicho mwaka 1861, mzaliwa wa Réunion, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, na sifa zake nyingi alizipata kwa kutibu njia ya mkojo. Jina lake limebaki kwenye kifundo cha mkono, mahali hasa ambapo wewe unauegemea usukani.

Kama ganzi ingekuwa kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, tungeitafuta neva nyingine, ile ya kati, inayopita kwenye handaki la kifundo pamoja na kano tisa za kukunjia vidole. Kama mkono mzima unauma kuanzia shingoni, tungeangalia shingo, maana anayeendesha ameinama lazima anyanyue kichwa kuona barabara, na anakaa hivyo kutwa.

Sasa niwatendee haki wenye damu yao. Ndani ya mfereji huo wa Guyon, pembeni ya neva, kuna mshipa wa damu kweli. Na neva ikikandamizwa, vimishipa vidogo vinavyoilisha yenyewe hukosa nafasi. Lakini kiganja kinapata damu kwa mishipa mikubwa miwili, nayo kwa kawaida imeungana ndani kama tao, hivyo ukiubana mmoja wa pili unalisha. Damu ikikosekana hasa, vidole hupauka na kuwa baridi. Vya Mwalimu vilikuwa na joto, vyenye rangi yake, na vilikuwa vimeshika chapati.

Na kiharusi? Hicho huja ghafla: uso umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno hayatoki sawasawa. Ukiyaona hayo usisubiri chai, ni hospitali saa hiyohiyo. Ganzi ya kisukari nayo kwa kawaida huanzia miguuni, pande zote mbili. Kidole kimoja na nusu baada ya saa tatu za usukani ni habari nyingine. Lakini isipoondoka kwa siku kadhaa, au ukaanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuzungusha ufunguo, kutanua vidole, hiyo neva inaumia kwelikweli, nenda ukaonwe na daktari. Neva za kupeleka nguvu na za kuleta hisia zimo humohumo.

Dawa yake haiuzwi kwenye chupa ya "kusafisha mishipa". Tuliiangalia baiskeli ya Mwalimu. Nikaomba pima maji kwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta jirani, nikailaza juu ya siti. Kiputo chake kikakimbilia nyuma na kugota: pua ya siti ilikuwa imeinama sana. Alifanya hivyo mwenyewe, kwa sababu ilikuwa inamuumiza anapokaa. Matokeo yake kila dakika anateleza mbele, na mikono inamsukuma kurudi. Viwiko vilikuwa vimenyooka kama fito, hivyo kila rasta na kila tuta la Bunju mpaka Mapinga lilipanda moja kwa moja hadi begani. Matairi nayo yamejazwa upepo kama mawe.

Tukainyoosha siti. Tukapunguza upepo kidogo. Nikamwomba akunje viwiko kidogo, asipinde kifundo cha mkono, na ahamishe viganja kila baada ya dakika chache: juu ya breki, kwenye bomba la katikati la usukani, chini kwenye zile pembe zake za kondoo. Glovu zenye sponji zinasaidia, ila haziponyi siti iliyoinama. Shingo ya usukani ikiwa ndefu kuliko mikono yake, hiyo ni kazi ya fundi na ni siku nyingine.

Jumapili iliyofuata alitangulia kufika. Nilimkuta anamenya yai kwa mikono yote miwili.

"Leo mshipa haujaziba," akaniambia.

"Mshipa wa nini, Mwalimu?"

Akafikiri kidogo, halafu akaninyooshea kidole cha mwisho. Nikamsogezea chumvi.