Ndege kubwa si lazima iwe na kelele zaidi

Wengi huamini kwamba kadiri ndege ya abiria inavyokuwa kubwa ndivyo inavyopiga kelele zaidi, hivyo usiku ziruhusiwe ndogo tu. Dhana hii inaeleweka. Hata hivyo, kelele hutegemea sana injini, hasa kasi ya hewa inayotoka nyuma yake. Injini za kisasa zina feni pana inayosukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo, na hapo mngurumo hupungua.

Tazama uwanja wa Heathrow, London. Usiku kila ndege huhesabiwa pointi kulingana na kelele zilizopimwa, na pointi huongezeka maradufu kwa kila ongezeko la desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ikiruka, Boeing 747-400 kwa kawaida huhesabiwa pointi 4. Airbus A380, iliyo kubwa zaidi, pointi 2. Bado inasikika, na anayeamshwa nayo saa kumi alfajiri ana haki ya kulalamika.

Kujihakikishia, tambua aina ya ndege kwa programu ya simu inayofuatilia safari za ndege, kisha tafuta viwango vya kelele vilivyopimwa ili ipewe cheti cha kuruhusiwa kuruka. Linganisha kuruka na kuruka, kutua na kutua, kwa kuwa hupimwa sehemu tofauti.