Homa ya ini C si "damu chafu"

Mtu akikutwa na homa ya ini C, Mtwara au Lindi, haichukui muda utasikia "ana ugonjwa wa damu". Wengine huongeza kwamba damu yake imechafuka, anywe dawa ya kuisafisha. Si hivyo. Kirusi cha C huambukizwa kwa damu na husafiri ndani yake, lakini makao yake ni ini. Kikizidi miezi 6 mwilini, huitwa sugu. Ugonjwa wa damu ni jambo jingine, na huwapata baadhi tu.

Huwapata kwa njia zinazojulikana. Ini likijaa makovu, damu inayoelekea huko hukwama, bandama huvimba na kuzishikilia chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ini lenyewe pia hupunguza homoni ya kuchochea utengenezaji wa chembe hizo. Hesabu hushuka chini ya 150,000 kwa maikrolita, na huku kwetu lawama yote huangukia malaria, kwa kuwa nayo huvimbisha bandama na kushusha chembe hizohizo.

Njia nyingine ni krioglobulini. Kirusi kikizichokoza chembe nyeupe za aina ya B kwa miaka, hutoa kingamwili (protini za kupambana na maradhi) zinazonatana na kujikusanya zikipoa chini ya nyuzi 37; hizo ndizo krioglobulini. Zikiziba mishipa midogo, miguuni hutoka madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, viungo huuma, ganzi huingia, figo huumia. Kwa wachache chembe hizo nyeupe hugeuka saratani ya mitoki.

Kipimo cha krioglobulini huharibika kirahisi mno. Joto la Mtwara halitoshi: mchana wa nyuzi 31 bado ni baridi kwa krioglobulini. Tyubu ipashwe moto kwanza, damu igande na kuzungushwa kwenye mashine ikiwa nyuzi 37, ndipo seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ikae kwenye friji, nyuzi 4, hadi siku 7. Sampuli iliyosafirishwa kutoka Masasi kwenye kisanduku cha barafu hufika krioglobulini zikiwa zimezama na donge la damu, hutupwa nalo, na majibu huandikwa "hakuna".

Kwa hiyo, ndugu, kipimo cha haraka cha homa ya ini C kikisoma chanya, usimtangazie mtu ugonjwa wa damu. Kingamwili ambazo kipimo hicho huzionyesha hubaki hata kwa aliyepona. Apimwe kwanza kama kirusi chenyewe kipo, pamoja na picha kamili ya damu. Kikiwepo, vidonge vya wiki 12 huponya zaidi ya 95 katika kila 100, na mara nyingi madoa ya miguuni nayo hupungua.