Chujio la kibayolojia kwenye bwawa la nyumbani: kinachosafisha maji sio wavu, ni bakteria

Wenye bwawa kubwa la nyumbani wanauliza wachague chujio gani lisilowasumbua kulitunza. Tuanze na chujio lenyewe. Ukimwambia mtu chujio, anawaza chujio la chai. Kitu chenye matundu, maji yanapita, takataka zinabaki. Kwa bwawa la samaki hiyo ni nusu tu ya kazi, tena ile nusu nyepesi, maana uchafu unaoua samaki hauonekani kwa macho na hakuna wavu unaoweza kuushika. Huku kwetu Kigoma nimeona watu wanachimba bwawa zuri kabisa uani, wananunua pampu na sponji, maji yanakuwa meupe unaona mpaka chini, alafu wiki ya tatu samaki wanaanza kuelea. Maji meupe sio lazima yawe maji salama.

Iko hivi. Samaki akila, ile protini ya kwenye chakula anaitoa kama amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua yake, yani anapumua huku anachafua. Chakula kilichobaki na kinyesi kikioza nacho kinatoa amonia hiyohiyo. Kwa hesabu ya wafugaji, nusu kilo ya chakula chenye protini asilimia 30 inatoa kama gramu 14 za amonia kwa siku. Ni kidogo ukiitamka, ila ikijikusanya kila siku bila kuondolewa ni sumu inayounguza matamvua.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna jambo la ziada la kuangalia. Maji ya Tanganyika yana pH ya juu (pH ni kipimo cha ukali wa tindikali, 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni kinyume chake), inacheza kati ya 8.6 na 9.2, na bwawani joto linakaa nyuzi 25 na kuendelea. Amonia ina sura mbili, moja ni kali na nyingine ni pole, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH pamoja na joto. Kwenye maji ya pH 7 sura kali haifiki hata asilimia moja ya amonia yote iliyomo, ila kwenye pH 9 inazidi theluthi. Kwahiyo mtu wa Tabora anaejaza bwawa lake maji ya mvua na mtu wa Ujiji anaejaza maji ya ziwa wanaweza kuwa na amonia sawasawa kabisa, wa Ujiji akapoteza samaki na wa Tabora asione kitu.

Sasa ndio tunafika kwenye dhana yenyewe. Chujio la kibayolojia ni nyumba ya bakteria, basi. Kuna kundi la bakteria linakula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, alafu kundi lingine linakula nitriti na kuigeuza nitrati, na nitrati samaki anaivumilia vizuri tu isipozidi sana, na mimea inaipenda kama mbolea. Hawa bakteria huwanunui dukani, wapo tayari kwenye udongo na maji, wanachotaka ni vitu vitatu: sehemu ya kujishikiza, hewa ya oksijeni nyingi, na muda. Ule utelezi unaousikia ukishika jiwe lililokaa ndani ya maji, sehemu yake ni wao. Kokoto, vifuniko vya chupa za soda, vipande vya bomba la kupitishia nyaya za umeme, vyote vinafaa kwasababu vina uso mwingi wa kujishikiza kwenye nafasi ndogo.

Ukishaelewa hilo, swali la "nichague chujio gani lisilonisumbua" linabadilika lenyewe. Lisilosumbua ni lile ambalo bakteria wanakaa kwa raha na halizibi haraka, sio lile lenye matundu madogo zaidi. Sponji nzuri inashika mpaka vumbi, na ndio maana utaiosha kila baada ya siku mbili tatu kwenye bwawa kubwa, na kila ukiiosha unafukuza wapangaji. Mimi niliwahi kuosha chujio lote siku moja kwa maji ya bomba yenye klorini, nikalirudisha linang'aa, na ndani ya siku chache nikaokota perege kumi na moja. Klorini kazi yake ni kuua bakteria, na haibagui bakteria wabaya na hawa wetu. Toka siku hiyo nasuuza kwa maji ya bwawa lenyewe, na sioshi zaidi ya nusu kwa mara moja.

Kuna yale machujio ya pipa lililofungwa yanayofanya kazi kwa msukumo wa pampu, yanauzwa yakiwa yamekamilika na taa ya UV, ile ya mwanga unaoua vijidudu, ndani yake. Ni mazuri, yanachukua nafasi ndogo, ila kwa bwawa kubwa la uani siyapendekezi huku kwetu, na sababu yangu ni umeme. Pampu ikisimama, maji ndani ya lile pipa hayatembei, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani ya saa chache wanaanza kufa, umeme ukirudi pampu inasukuma maji yaliyooza moja kwa moja kwa samaki. Kama unalo tayari na umeme ukikata muda mrefu, mwaga kwanza maji yaliyomo ndio uwashe.

Ninachokiamini kwa bwawa kubwa ni kitanda cha kokoto chenye mimea. Na wala hatuhitaji kwenda mbali kukielewa, mto Malagarasi unatufundisha bure. Kabla haujafika ziwani unapita kwenye maeneo oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yale mabwawa ya mafunjo na matete yaliyoko Kigoma na Tabora ambayo mwaka 2000 yaliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya maeneo oevu muhimu, ya kwanza kwa Tanzania. Maji yanapungua kasi, tope linatulia chini, bakteria kwenye mizizi wanafanya kazi yao, mimea inakula mbolea. Unachojenga uani ni hichohicho kwa udogo.

Kinajengwa kama kibwawa cha pembeni kilicho juu kidogo ya bwawa lenyewe, kinatandikwa turubai, chini kabisa unalaza bomba la inchi mbili lililotobolewa, juu yake kokoto kubwa, alafu kokoto ndogo, jumla kina cha sentimita 30 mpaka 45. Pampu inaleta maji kwenye lile bomba, yanapanda taratibu katikati ya kokoto, yanafurika juu na kurudi bwawani kwa kuporomoka, na ule mporomoko unaongeza hewa bure. Mwisho wa bomba weka kipande kilichosimama wima chenye mfuniko, ili mara moja au mbili kwa mwaka ufungue uvute tope nje. Hapo ndio wepesi wa kutunza ulipo, hakuna cha kuosha kila wiki. Na kabla maji hayajaingia humo yapitishe kwanza kwenye pipa la lita 200 au simtanki, yatulie, kinyesi kizame, kwasababu tope likijaa kwenye kokoto hewa haipiti na unakuwa umejenga shimo la kuozesha.

Mimea, weka magimbi, mafunjo, maua ya kana. Matete yanafanya kazi lakini mizizi yake ina ncha, inatoboa turubai, mimi nayaogopa. Gugu maji usilete kabisa hata kama linachuja vizuri, tuliona lilivyolitesa Ziwa Victoria miaka ya 1990, na ukiwa uani Kibirizi mvua moja kubwa tu inaweza kulisomba mpaka ziwani.

Ukubwa sasa. Pima urefu mara upana mara kina cha wastani, bwawa la mita 10 kwa 6 lenye kina cha mita moja ni lita 60,000. Kitanda cha mimea kiwe kama asilimia 20 ya eneo la bwawa, hapo ni mita 12 za mraba, tuseme 4 kwa 3. Maji yote yazunguke mara moja kila saa mbili mpaka tatu, maana yake pampu ya lita 20,000 mpaka 30,000 kwa saa, na ile namba kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa, ukiyapandisha mita moja na nusu inashuka sana, kwahiyo omba uone jedwali lake kabla hujalipa. Angalia na wati pia. Pampu ya wati 200 usiku na mchana ni karibu unit 5 kwa siku, unit 144 kwa mwezi, na kama ulikuwa kwenye bei nafuu ya umeme ya wale wa chini ya unit 75 kwa mwezi, hiyo nafuu utaisahau. Mara nyingi kupunguza samaki kunalipa kuliko kuongeza pampu, kwasababu chujio linapimwa kwa chakula unachomwaga kwa siku kuliko kwa lita za bwawa.

Kuhusu maji ya kijani watu wanakosea sana. Ule ukijani ni mwani, na chujio la kibayolojia haliuondoi, linatengeneza nitrati ambayo mwani unaipenda. Kinachoupunguza ni mimea kunyang'anya hiyo mbolea, pamoja na kivuli. Watu wa Tabora kivuli cha miembe mnacho, ila majani yakidondokea bwawani yatoeni mapema, yakizama yanaoza na kula oksijeni. Na kama unafuga perege wa kula kwenye bwawa la udongo, samaki wachache, ule ukijani ni chakula chao, pengine huhitaji chujio lolote.

Bwawa la maji ya mvua tupu litupie mawe machache ya chokaa, bakteria wakifanya kazi wanashusha pH na maji laini hayana cha kujitetea. Maji ya ziwa hayahitaji hilo.

Ukishawasha, usijaze samaki siku hiyohiyo. Bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa, kwahiyo anza na samaki watano sita, chakula kidogo, na kama kuna mwenzako mwenye bwawa la zamani lenye samaki wazima muombe ndoo moja ya kokoto zake, zisafirishe zikiwa na maji ya kulekule, zimwage kwenye kitanda chako kabla hazijakauka.